Tai Mwekundu Juu ya Bluu: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Beji za Kijeshi

Barua nyingi za safari hii zinahusu beji za kijeshi: rangi, wanyama, mataji na nyuzi. Zilizofanana tumeziunganisha.

Nilichora beji ya kikosi: tai mwekundu juu ya ngao ya bluu. Kwenye kompyuta inapendeza mno. Mkaguzi ameirudisha, anasema nimevunja "kanuni ya rangi". Ni kanuni gani hiyo? Rangi si suala la mtu na apendavyo?

Mkaguzi yuko sahihi, na amekuepusha na hasara. Fani ya nembo hugawa rangi katika makundi mawili. La kwanza ni metali, nazo ni mbili tu: dhahabu, ambayo huruhusiwa kuchorwa kwa njano, na fedha, ambayo huchorwa kwa nyeupe. La pili ni rangi zenyewe: nyekundu, bluu, kijani, nyeusi na, mara chache, zambarau. Metali haikai juu ya metali, wala rangi haikai juu ya rangi. Tai wa dhahabu juu ya bluu ni halali. Simba mwekundu juu ya nyeupe ni halali. Nyekundu juu ya bluu haifai, na njano juu ya nyeupe haifai.

Kanuni hii ilizaliwa na haja ya kuonekana. Ngao na bendera za Ulaya ya karne za kati zilitakiwa zitambulike kwa mbali, vumbini, na mtu anayechungulia kwenye upenyo wa kofia ya chuma. Metali zote mbili zinang'aa, rangi zote zimekoza, kwa hiyo ukiifuata kanuni umeweka mwanga juu ya giza au giza juu ya mwanga, hata kama hujui kuchora. Utoe mchoro wako kwa kijivu utaona tunachosema: nyekundu na bluu huwa kijivu kinachokaribiana, na tai anazama ndani ya ngao. Kwenye skrini unamwona kwa kuwa skrini inatoa mwanga na wewe umekaa nusu mita tu. Begani pa askari, jioni, hatua kumi, ni doa.

Una njia tatu za kutoka. Mgeuze tai awe wa dhahabu au mweupe. Au iache nyekundu na uigeuze ngao iwe nyeupe. Au izungushie alama ukingo mwembamba wa metali, kama ilivyo kwenye bendera ya Uingereza: msalaba mwekundu wa Mtakatifu George umezungushiwa nyeupe kwanza ndipo ukawekwa juu ya bluu. Ukingo wa namna hiyo unafaa misalaba, mistari na nyota. Haufai tai mwenye manyoya yaliyochanua, kwa sababu kwenye beji ya kitambaa yenye urefu wa milimita 75 mstari ulio chini ya milimita 1 hukatikakatika kila penye kona, na manyoya ni kona tupu. Sisi tungechukua njia ya kwanza bila kusita.

Kuna misamaha, nayo ijue ili usije ukamsahihisha mtu asiyekosea. Mnyama au mti uliopewa rangi yake ya asili hauhesabiwi. Manyoya ya ermini, yaani nyeupe yenye vidoa vyeusi, hukaa juu ya kundi lolote. Ngao iliyogawanywa nusu metali nusu rangi inaweza kubeba alama inayovuka pande zote mbili. Ulimi na kucha za simba nazo zimesamehewa. Na uko mfano maarufu wa kanuni kuvunjwa waziwazi: nembo ya Ufalme wa Yerusalemu, misalaba ya dhahabu juu ya fedha.

Simba wa beji yetu anatazama kushoto nikiishika karatasi. Maelezo rasmi yanasema anatazama kulia. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Pande za ngao huhesabiwa kwa mtu aliyeishika, si kwa anayeitazama. Kulia kwake ni kushoto kwako. Mnyama asipoelezwa vinginevyo hutazama kulia kwa mshika ngao, upande wa heshima. Akitazama kwingine, maelezo lazima yaseme kwamba amegeuzwa.

Taabu huanza beji ikishonwa mkononi. Msimamie askari ubavuni, upande wake wa kushoto: kifua chake kiko kushoto kwako. Kwa hiyo simba wa kawaida, aliyeshonwa mkono wa kushoto, anaelekea mbele pamoja na askari. Mhamishe simba yuleyule mkono wa kulia, ataelekea nyuma kama anayekimbia. Ndiyo sababu bendera ya Marekani inayovaliwa mkono wa kulia wa sare hugeuzwa, sehemu yenye nyota ikatangulia mbele.

Ukiagiza beji za kola usiandike "beji 200". Andika "jozi 100, ya kulia na ya kushoto, wanyama wakitazamana". Ukiacha maneno hayo, kiwanda kitatoa kalibu moja (chuma cha kupigia umbo la beji) na utapokea simba 200 wanaotazama upande mmoja. Na mnapogeuza mchoro, mgeuzeni mnyama peke yake. Fundi mwenye haraka hugeuza picha nzima kwa kubofya mara moja, na herufi, namba na utepe wa kaulimbiu vinasomeka kinyume. Kosa hilo huonekana mzigo ukishafika.

Nina beji ya zamani ya shaba, haina rangi hata moja, lakini ngao yake ina vidoa upande mmoja na vistari vilivyosimama upande wa pili. Ni urembo?

Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni rangi zilizoandikwa kwa mistari. Utaratibu huu unajulikana kwa jina la Silvester Petra Sancta, padri Mjesuiti aliyeutumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1638, na hadi leo wachonga metali wanaufuata. Vidoa ni dhahabu. Sehemu tupu ni fedha. Mistari iliyosimama ni nyekundu, iliyolala ni bluu. Iliyosimama na kulala ikakatana ni nyeusi. Mistari ya mshazari inayoshuka kutoka juu kushoto kwako kwenda chini kulia kwako ni kijani. Ikishuka kinyume chake ni zambarau. Beji yako basi ni ngao ya dhahabu na nyekundu.

Kabla ya kuandika hivyo kwenye daftari lako, hakikisha mambo mawili. Tazama kwa kioo cha kukuza kama vidoa vimesambaa vilevile hadi pembeni mwa ngao, maana beji iliyosuguliwa miaka mingi hupoteza vidoa vya katikati na ikaonekana fedha. Kisha tazama kama mistari ya namna hiyohiyo imetumika pia nje ya ngao, kwenye utepe au nyuma ya herufi. Ikiwa iko kila mahali, mchongaji alitaka tu kuupa metali mkwaruzo ili sehemu zilizoinuka zing'ae zaidi, na haisemi rangi yoyote.

Kamati yetu ya watu tisa inatengeneza beji ya kikosi kipya cha wahandisi. Kila mjumbe ana lake: mlima, mto, daraja, kitabu, bunduki mbili, ramani, mwaka wa kuanzishwa, jina kamili na kaulimbiu ya maneno saba. Mchoraji amekata tamaa. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kufuta. Beji ni jina la kikosi lililoandikwa bila herufi. Historia ina vitabu vyake. Tunapendekeza alama kuu moja, uwanja wake (yaani eneo la ngao lililo nyuma ya alama), na ikibidi sana alama ndogo moja. Ramani iondoke leo: ikipunguzwa hadi milimita 20 huwa kipande cha udongo, na hakuna anayeweza kuieleza kwa maneno. Mwaka ukae kwenye daftari la usajili. Jina likae kwenye duara au utepe, nje ya ngao.

Tazameni waliofanikiwa. Divisheni ya 10 ya Milimani ya Marekani ina singe mbili zilizopishana. Singe zinasema ni askari wa miguu. Kule kupishana kunafanya X, kumi ya Kirumi. Alama moja imetaja kazi na namba, na hakuna herufi iliyotumika. Kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza kiliundwa mwaka 1943 kwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani, na beji yake ni bwawa lililovunjika, radi juu yake. Rejimenti ya 28 ya Uingereza ilipigana kwa kupeana migongo karibu na Alexandria mwezi Machi 1801, na kumbukumbu yake ikawa beji ndogo yenye sfinksi (simba mwenye kichwa cha mtu) inayovaliwa nyuma ya kofia, pamoja na ile ya mbele. Mahali beji ilipokaa ndipo palipobeba habari yote. Tunaupenda mfano huu kuliko yote.

Kwenu ninyi, alama kuu ni daraja. Mto hauhitaji kuchorwa kama alama: chini ya daraja gaweni uwanja kwa mistari ya mawimbi, nyeupe na bluu. Mlima nao unaingia kwa njia hiyohiyo, kwa kuufanya mstari unaogawa sehemu ya juu ya ngao uwe na vilele. Mistari ya kugawa ngao ni hazina inayosahaulika. Ukipindwa mawimbi ni maji, ukichongwa meno ya mraba ni ukuta wa ngome, ukichongwa vilele ni milima. Wajumbe watatu wameridhika na ngao bado ina kitu kimoja tu cha kutazama. Kitabu na bunduki viacheni.

Kabla ya penseli, andikeni maelezo kwa maneno. Mpangilio ni huu: uwanja kwanza, halafu alama kuu na mkao wake, halafu alama za pembeni, halafu vitu vilivyowekwa juu ya alama hizo, mwisho kichwa cha ngao (ukanda wa juu wa ngao) na ukingo kama vipo. Mfano: "Uwanja wa bluu, daraja la dhahabu la matao matatu, chini yake mawimbi ya nyeupe na bluu, kichwa cha ngao cha dhahabu chenye mpaka wa vilele." Sentensi ikizidi maneno 25 hivi, rudini kufuta. Maneno hayo ndiyo sheria. Mchoro ni tafsiri yake. Mchoraji wa miaka 50 ijayo akipata sentensi hiyo atachora daraja kwa mkono wake na bado itakuwa beji yenu. Fafanuzi za maana ziandikwe aya ya pili, kando, kama inavyofanya Taasisi ya Nembo ya Jeshi la Marekani iliyoko Fort Belvoir, Virginia: maelezo peke yake, maana peke yake. Mkizichanganya, mtajikuta mnaandika "rangi ya ushujaa" mahali pa kuandika "nyekundu", na fundi hajui ushujaa una rangi gani.

Sasa kipimo. Chapeni mchoro kwa ukubwa halisi. Beji ya begani ya kitambaa huwa na urefu wa milimita 75 hadi 90. Beji ya metali ya vikosi vya Marekani kwa kawaida ni inchi 1 na 1/8, yaani sentimita 2.86. Ibandikeni ukutani, rudini nyuma mita 3, mwulizeni mtu asiye wa kamati anaona nini. Akisema "daraja", endeleeni. Akisema "kama jengo hivi, au taji", rekebisheni. Kisha ichapeni kwa nyeusi tupu juu ya kijani cha sare, kwa sababu toleo la vitani halina rangi zenu zote. Hapo linabaki umbo la nje peke yake, na beji iliyotegemea rangi ili ieleweke hufia hapo.

Kwenye kudarizi, herufi kubwa zisipungue kimo cha milimita 5. Chini ya hapo matundu ya A, B na R huziba uzi. Mstari wa mshono wa kujaza usiwe chini ya milimita 1, na mshono mmoja usivuke urefu wa milimita 7 au 8 hivi, la sivyo unakwaruzika na kunasa vitu, fundi augawe. Uzi huvuta kitambaa, kwa hiyo duara lililochorwa kamili hutoka yai, na kati ya rangi mbili zilizogusana huonekana ufa wa kitambaa kitupu. Mwagizeni fundi apandishe rangi moja juu ya nyingine kwa milimita 0.3 hadi 0.5. Mshono mnene wa pembeni, wenye upana wa karibu milimita 3, hufuata vizuri duara na ngao ya kawaida, lakini hauwezi kuingia kwenye kona kali za ndani. Ngao yenye meno ya ngome pembeni itahitaji kukatwa kwa joto.

Kwenye metali yenye enameli (rangi ngumu inayojazwa ndani ya metali), kila rangi hukaa kwenye kisima chake, na kati ya visima pana ukuta wa metali usiopungua milimita 0.2. Ukuta huo ni ule ukingo wa dhahabu au fedha tuliomwelezea msomaji wa tai mwekundu, na hapa unapatikana bure. Ndiyo maana mchoro mbovu wa rangi juu ya rangi mara nyingine hunusurika kwenye enameli, halafu unaaibika kwenye kitambaa. Idhinisheni kitambaa kwanza.

Na kaulimbiu ya maneno saba? Tatu, basi. Utepe ukikunjwa mara tatu, kila kunjo libebe neno zima.

Beji ya madaktari wa jeshi ina nyoka mmoja au wawili? Nimeona zote mbili.

Zote mbili zipo, na zina asili tofauti. Fimbo yenye nyoka mmoja, isiyo na mabawa, ni ya Asklepio, mungu wa tiba wa Wagiriki. Ndiyo iliyo kwenye beji ya matabibu wa jeshi la Uingereza. Fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Herme, mjumbe wa miungu na mlinzi wa wafanyabiashara. Jeshi la Marekani liliichukua hiyo ya pili kwa kitengo chake cha tiba mwaka 1902, na imeshika mizizi huko. Unayebuni beji mpya leo, chagua nyoka mmoja. Ana maana sahihi, na akidarizi­wa kwa ukubwa wa sentimita 2 bado ni nyoka. Wawili huwa fundo.

Tepe za sajini zinaelekea juu au chini?

Inategemea jeshi. Uingereza na majeshi yaliyofuata mtindo wake, ncha huelekea chini. Jeshi la nchi kavu la Marekani, ncha huelekea juu. Umbo lenyewe kwenye fani ya nembo huelekea juu, na jina lake la Kifaransa lina maana ya boriti za paa. Jihadhari na kitu kimoja tu: kwenye sare za zamani za Uingereza tepe zenye ncha juu, chini ya kiwiko cha kushoto, si cheo. Ni tepe za mwenendo mwema, na askari wa kawaida mwenye utumishi mrefu aliweza kuwa nazo kadhaa.

Nakusanya beji za Uingereza. Nimeambiwa taji peke yake linatosha kujua umri wa beji. Ni kweli?

Linasaidia, lakini halitoshi. Taji lenye matao yaliyopanda na kuviringika juu, bila kubonyea katikati, lilikuwa kwenye beji kuanzia utawala wa Edward VII, mwaka 1901, hadi Elizabeth II alipoingia mwaka 1952. Yeye alichagua taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake yamebonyea katikati. Charles III naye alipoanza kutawala mwaka 2022 alirudisha umbo la kuviringika. Kwa hiyo leo taji la kuviringika laweza kuwa la mwaka 1910 au la juzi.

Itazame basi na malighafi. Beji za plastiki zilitolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kuokoa metali, na zinakwenda na taji la kuviringika. Alumini yenye mng'ao usiohitaji kusuguliwa ilienea miaka ya 1950, na kwa kawaida inakwenda na taji lililobonyea. Ukiona alumini hiyo ina taji la kuviringika, simama, uliza. Geuza beji pia uone mgongo wake: iliyopigwa kwa kalibu nzuri ina sura ya mbele ikionekana kwa kinyume nyuma, kingo kali. Nakala ya kumiminwa huwa na mgongo mnene wenye vitundu vidogo, na herufi zake zina mviringo kama sabuni iliyotumika.

Alama ya kikosi ikipata maana mbaya baadaye, ibadilishwe au itetewe?

Divisheni ya 45 ya Marekani ilivaa swastika ya njano juu ya mraba mwekundu, alama ya kale ya Wahindi Wekundu wa kusini-magharibi mwa nchi hiyo, na wengi wao walikuwa askari wake. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini Wanazi walikuwa wameiteka alama hiyo, na mwaka 1939 divisheni ikavaa ndege wa radi, naye pia wa Wahindi hao, kwa njano juu ya mwekundu uleule. Tunaona walifanya sawa. Beji husomwa na anayeitazama, na huwezi kusimama kando ya kila askari ukieleza. Walichokibakiza ni rangi, umbo la mraba na asili ya alama, kwa hiyo mtu aliyevaa ya kwanza aliitambua ya pili kuwa yake. Mkilazimika kubadilisha, fuateni njia hiyo: badilisheni alama kuu, acheni uwanja. Daftari la usajili lionyeshe siku ya mwisho ya beji ya zamani na siku ya kwanza ya mpya, maelezo ya zote mbili yabaki humo, na kalibu za zamani zirudishwe kutoka kiwandani ziharibiwe mbele ya mashahidi wawili.